Kuinasa eksirei hafifu: hesabu ya elektroni elfu moja na mia sita

Ukitaja eksirei mbele ya mtu wa Unguja, fikra inamwenda moja kwa moja hospitali ya Mnazi Mmoja: kifua kimegandamizwa ubaoni, "vuta pumzi, izuie", kisha picha ya mbavu. Eksirei za namna hiyo ni kali. Mashine inayozitoa huendeshwa kwa volti laki moja na zaidi, na miale yake lazima iweze kuingia mgongoni na kutokea kifuani, la sivyo picha haipatikani.

Zipo nyingine ambazo hospitali haina haja nazo. Nishati yake ni kilo-elektronivolti moja, tano, kumi, na kwa kawaida haivuki thelathini. (Kuanzia hapa nitaandika keV, maana neno lenyewe ni refu na litarudi mara nyingi.) Milimita chache za nyama zinatosha kuzimaliza nyingi katika hizo, na zile hafifu kabisa humezwa na hewa kabla hazijafika upande wa pili wa meza. Mwenye kusikia hivyo hudhani kuzipima ni jambo jepesi, kwani kitu kisicho na nguvu kina shida gani? Mambo ni kinyume. Katika maabara ya fizikia ya nyuklia, gama ya sesiamu-137 yenye keV 662 ni zoezi la mwanafunzi. Eksirei ya keV 6 inataka vifaa vya bei, mkono uliotulia na subira. Sababu ni mbili, na zote zinatokana na udhaifu wake: hupotea njiani, na ile inayofika huacha alama ndogo mno.

Inatoka wapi

Kiini cha atomu chenyewe hakitoi eksirei. Hili lafaa kusemwa mapema, kwani masomo ya skuli hutaja alfa, beta na gama kisha yakanyamaza, na mwanafunzi akabaki akiamini kwamba eksirei ni mambo ya mashine ya umeme peke yake. Eksirei za aina tunayoizungumza hutoka kwenye elektroni zinazokizunguka kiini. Ila mara nyingi kiini ndicho mchokozi.

Tuchukue chuma-55, aina ya chuma inayooza. Kiini chake kina protoni nyingi kuliko kinavyoweza kustahimili, lakini hakina nishati ya kutosha kuiondoa ziada hiyo kwa kutupa positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya. Kinachofanya ni kumeza elektroni moja ya atomu yake yenyewe, aghalabu moja ya zile mbili za tabaka la ndani kabisa, liitwalo K. Protoni moja inageuka nyutroni, nyutrino, chembe ndogo isiyo na chaji, inatoka na kwenda zake bila ya mtu kuiona, na chuma kimeshakuwa manganizi. Alfa haikutoka, beta haikutoka. Kilichobaki ni pengo katika tabaka la K. Elektroni ya tabaka la juu inaporomoka kulijaza, na tofauti ya nishati inatoka ikiwa eksirei ya keV 5.9. Isingekuwa vurugu hii ndogo ya kujaza pengo, mtu angekaa na chuma-55 mezani miaka mitatu, nusu yake na zaidi imeshaoza, naye hana habari.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa wataalamu. Hideki Yukawa na Shoichi Sakata walikokotoa katikati ya miaka ya 1930 kwamba kiini kinaweza kumeza elektroni, lakini tendo lenyewe halikuonekana mpaka 1937, Luis Alvarez alipozinasa, huko Berkeley, California, eksirei za titaniamu zikitoka kwenye sampuli ya vanadiamu-48. Eksirei za titaniamu, ndani ya vanadiamu! Ushahidi wote umo humo: atomu ilikuwa imeshabadilika kabla pengo halijajazwa.

Ushahidi huo unasimama kwa sababu kila elementi ina eksirei zake. Henry Moseley, Mwingereza, alionyesha mwaka 1913 kwamba eksirei hizo hupanda kwa utaratibu kufuata namba ya atomu, na kanuni yake unaweza kuifanya kichwani. Chukua namba ya atomu, toa moja, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha zidisha kwa elektronivolti 10.2. Manganizi ni namba 25. Ishirini na nne mara ishirini na nne ni 576, mara 10.2 ni elektronivolti 5,875. Vipimo vya maabara hutoa karibu 5,895. Kwa kanuni ya mstari mmoja, si haba. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, umri wake miaka 27, na wengi huamini Tuzo ya Nobel ilikuwa inamsubiri.

Kuna jambo moja linaloharibu unyoofu wa hesabu hii. Si kila pengo linalojazwa hutoa eksirei. Nishati iliyopatikana inaweza kupewa elektroni nyingine ya atomu hiyohiyo, ikafukuzwa nje badala ya eksirei. Lise Meitner aliligundua jambo hili mwaka 1922 na Pierre Auger mwaka uliofuata. Elektroni hizo zikaitwa za Auger, na Meitner akasahauliwa, kama ilivyomtokea katika mambo makubwa zaidi ya haya. Kwa elementi nyepesi, Auger ndiye mshindi: mapengo mia ya kaboni hayatoi hata eksirei moja kwa wastani. Kwa fedha, ile metali, zaidi ya themanini kati ya mia hutoa eksirei. Chuma-55 kiko katikati. Kati ya viini mia vinavyooza, kama 28 hivi ndivyo vinavyofuatwa na eksirei ya tabaka la K, na karibu 60 hufuatwa na elektroni ya Auger. Anayehesabu eksirei akadhani anahesabu viini atapata chini ya theluthi ya jibu, hata kama kifaa chake hakikosi.

Njiani

Sasa eksirei imetoka. Kwanza lazima itoke kwenye sampuli yenyewe, na hapo nyingi ndipo zinapoishia. Eksirei ya keV 5.9 hupungua hadi theluthi na kidogo ikipita mikromita 30 hivi za alumini, yaani karatasi mbili za foili ya jikoni zikilaliana. Kwa hiyo sampuli ya mionzi hafifu haimwagwi tu kwenye kisahani. Hutandazwa ikawa nyembamba kiasi cha kutoonekana, ama sivyo kilichoko chini kinazibwa na kilichoko juu.

Halafu hewa. Weka sampuli sentimita kumi kutoka kwenye kifaa. Eksirei za keV 6, robo tatu zitafika. Za keV 3, moja tu kati ya saba. Za keV 2, katika elfu moja hazifiki hata mbili. Tazama jinsi mteremko ulivyo mkali: nishati imepungua mara tatu, na wasafiri wamekwisha. Ndiyo maana majaribio ya chini ya keV 3 hufanywa ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, au kilichojazwa heliamu, ambayo ni nyepesi na haiwasumbui wapitaji.

Kikwazo cha tatu ni mlango wa kigunduzi, yaani kifaa chenyewe kinachoinasa eksirei. Kigunduzi hakiwezi kuachwa wazi, kwa sababu ndani yake mna ombwe, au gesi maalumu, na mwanga wa kawaida pia hautakiwi. Lazima pawe na dirisha, na dirisha lazima lizuie hewa lisizuie eksirei. Metali inayofaa kuliko zote ni beriliamu, namba 4 tu katika jedwali, yenye elektroni chache za kumeza chochote. Dirisha la beriliamu la mikromita 25 hupitisha eksirei za keV 6 karibu zote, asilimia sabini hivi za keV 2, na sita tu kati ya mia za keV 1. Chini ya hapo, yeyote anayetaka kuona kaboni au oksijeni hutumia utando mwembamba wa polima, ambao kuupasua ni kuugusa.

Na hapa visiwani beriliamu ina adui wa nyongeza. Metali hii haipendi chumvi wala unyevu. Vikikutana juu yake huanza kuliwa vishimo, na dirisha la mikromita 25 halina unene wa kupoteza. Ndani ya kifaa ni baridi, nje ni joto la Zanzibar na hewa ya bahari, na wakati wa masika unyevu hauondoki. Kitu baridi mahali kama hapa hutoka jasho. Mtu anayetaka kuweka kigunduzi cha aina hii Tunguu au Chake Chake aanze na chumba: kiyoyozi kisichozimwa, kikaushio cha hewa, na kifuniko kinachorudishwa kila baada ya kazi. Kidole nacho kisiguse, na dirisha lisipanguswe. Vumbi la beriliamu likivutwa lina madhara kwa mapafu.

Alama inayoachwa

Eksirei iliyofika hupimwa kwa njia moja, hata vifaa vikitofautiana: inagonga kitu, inavunja vifungo na kuacha chembe za umeme zikielea, nasi tunazihesabu hizo chembe. Zikiwa nyingi, nishati ilikuwa kubwa. Swali ni kila chembe inagharimu nishati kiasi gani, kwa sababu mwenye kupima mchele kwa pishi hawezi kukwambia umepungua konzi moja, na mwenye kupima kwa kibaba anakaribia kukwambia.

Kaunta ya Geiger, ile inayolia ta-ta-ta, hapa haitusaidii. Inasema "kimepita kitu" na haisemi kitu gani. Fuwele ya sodiamu-ayodini, ambayo kwa gama kali ni kifaa cha kuaminika, hubadilisha nishati kuwa mwanga na mwanga kuwa elektroni, na katika mabadiliko hayo hupoteza sana: eksirei ya keV 5.9 humalizikia elektroni hamsini hivi. Kwa idadi hiyo huwezi kuitofautisha manganizi na titaniamu upande mmoja wala na shaba upande mwingine.

Kaunta ya gesi ni bora zaidi. Ni mrija wenye waya mwembamba katikati na gesi, mara nyingi agoni. Kila jozi ya elektroni na ioni hugharimu elektronivolti 26, kwa hiyo eksirei yetu huacha jozi 227. Ni chache, lakini karibu na waya volteji ni kubwa kiasi kwamba kila elektroni inazaa nyingine maelfu, na uzazi huo hulinda uwiano: zilizoanza nyingi huishia nyingi. Kifaa ni rahisi, hakitaki baridi, na Georges Charpak alipokiendeleza mwaka 1968 kuwa chumba chenye nyaya nyingi alifungua njia iliyompa Tuzo ya Nobel 1992. Udhaifu wake ni kwamba kilele cha keV 5.9, yaani mlima unaochorwa na hesabu za eksirei hiyo, kinatoka na upana wa keV nzima. Manganizi iko 5.9, chuma kiko 6.4. Vilele viwili vinalaliana na huwezi kuvitenga kwa macho.

Silikoni ndiyo iliyoleta mageuzi. Ndani ya fuwele ya silikoni kila jozi inagharimu elektronivolti 3.65 tu. Gawanya 5,900 kwa 3.65 upate takriban 1,600. Hizo ndizo elektroni zetu, na hapa hakuna uzazi: kazi yote itafanywa kwa hizo hizo. Gama ya sesiamu ikigonga kigunduzi cha jerimaniamu huacha zaidi ya laki mbili.

Mtu atauliza, kama ni 1,600 kila mara, basi kilele kwa nini kisiwe mstari mwembamba? Kwa sababu si 1,600 kila mara. Sehemu ya nishati huishia katika mtikisiko wa fuwele, na mgawanyo huo hubadilika kidogo kila eksirei inapoingia. Lau kila jozi ingezaliwa bila kujali nyingine, idadi ingeyumba kwa elektroni arubaini hivi juu na chini, ambayo ni kipeuo cha pili cha 1,600. Ugo Fano alionyesha mwaka 1947 kwamba haiyumbi kiasi hicho, kwa kuwa jumla ya nishati ni ileile na jozi zinagawana mfuko mmoja. Ikizidi huku, kule inapungua. Katika silikoni myumbo halisi ni elektroni 13 au 14. Ukiugeuza kuwa upana wa kilele unapata elektronivolti 118 hivi. Chini ya hapo silikoni haiendi, hata ukiwa na fedha za Sultani. Huo ni mpaka wa maumbile.

Kelele

Kuufikia mpaka huo ni kazi nyingine. Elektroni 1,600 ni chaji ndogo mno, na kikuza cha kwanza kinachoipokea nacho kina mtikisiko wake wa umeme, ambao wenye fani huuita kelele. Tufanye hesabu: kelele ya elektroni kumi tu, kumi katika elfu na mia sita, inaupanua upana kutoka 118 hadi karibu 146. Kwa gama ya sesiamu, kelele hiyohiyo hata isingetambulikana. Hapa ndipo palipo na tofauti kubwa kati ya kupima kali na kupima hafifu, na mimi naona ndipo vitabu vingi vinapopita haraka mno.

Kelele ina vyanzo kadhaa. Joto ni cha kwanza: silikoni ikiwa na joto la chumba hutoa elektroni zenyewe, bila ya kugongwa na chochote. Dawa ya zamani ni naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ndani ya chupa kubwa inayojazwa tena na tena. Baadhi ya vigunduzi vya jerimaniamu vya zamani, vilivyotiwa lithiamu, vilikuwa vikipata joto mara moja vimekufa. Hebu fikiria kifaa cha namna hiyo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, tulipokaa miezi mitatu bila ya umeme wa gridi, kwa hitilafu ya njia inayotuletea umeme kutoka Bara. Naitrojeni ingetengenezwa kwa jenereta ya nani?

Chanzo cha pili ni ukubwa wa kigunduzi. Elektrodi, yaani bamba linalokusanya chaji, ikiwa pana ina kapasitansi kubwa (uwezo wa kubeba chaji), na kapasitansi hukuza kelele. Ilionekana kwamba lazima uchague: eneo dogo lenye kelele ndogo, au eneo kubwa la kunasa eksirei nyingi lenye kelele nyingi. Emilio Gatti wa Milano na Pavel Rehak wa Brookhaven, Marekani, waliukwepa uchaguzi huo katika miaka ya mwanzo ya 1980. Wazo lao lilizaa pete za elektrodi zilizochongwa juu ya bamba la silikoni, kila pete na volteji yake, hata elektroni zikawa zinateremka zenyewe kutoka ukingoni hadi kwenye nukta ndogo katikati. Eneo limekuwa pana, elektrodi ya kukusanya imebaki ndogo. Kigunduzi cha aina hiyo hutosheka na baridi ya nyuzi ishirini au thelathini chini ya sifuri, ambayo kipande cha Peltier kisichozidi kidole huitoa kwa umeme kidogo. Naitrojeni haina kazi tena. Kwa nchi za joto na umeme wa kukatika, sidhani kama kuna uvumbuzi katika fani hii uliofaa zaidi ya huo.

Mtikisiko wa kawaida nao ni kelele. Kiyoyozi kinachonguruma juu ya meza, gari la mizigo linalopita nje, mlango uliobamizwa: waya ukicheza hata kidogo, kapasitansi inabadilika, na kilele kisichokuwepo kinachomoza chini ya keV 1.

Vilele vya uwongo

Kila eksirei inayonaswa hutoa wimbi moja la umeme. Mawimbi yote yakishahesabiwa na kupangwa kwa ukubwa, kompyuta inachora spektra: mlima mmoja kwa kila eksirei. Ila si kila mlima una elementi yake. Eksirei ya keV 5.9 ikigonga silikoni inaweza kuifanya silikoni nayo itoe eksirei yake ya 1.74, hiyo ikitoroka nje, kinachobaki ni 4.16, na kilele kidogo kinasimama mahali ambapo hakuna elementi yoyote. Kwenye kaunta ya agoni mtoro huchukua 2.96, kikabaki 2.94. Eksirei mbili zikiingia kwa pamoja, kifaa kinaona moja ya 11.8. Asiyejua haya ataandika ripoti ya elementi ambazo hazikuwamo.

Mtego ninaoupenda kuliko yote ni wa fedha. Hewa tunayovuta ina agoni, karibu asilimia moja. Agoni ikipigwa na eksirei hujibu kwa 2.96. Fedha, katika tabaka lake la L, lile la pili kutoka ndani, hujibu kwa 2.98. Hazifiki elektronivolti thelathini! Hakuna silikoni itakayozitenga hizo. Kifaa cha mkononi ambacho siku hizi hutumika kupimia dhahabu na fedha, kikielekezwa kwenye kitu kisicho na fedha hata chembe, kinaweza kuonyesha kilima mahali pa fedha, na kilima hicho ni hewa iliyopo kati ya pua ya kifaa na kitu. Dawa yake ni kutazama mstari mwingine wa fedha, ule wa tabaka la K, ulioko keV 22.

Mistari hiyo miwili ina tofauti nyingine yenye faida. Ule wa 2.98 hutoka kwenye mikromita mbili hivi za juu za fedha. Ule wa 22 hutoka kwenye kina cha makumi ya mikromita. Mwaka 1984 zilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, sarafu ndogo za fedha zaidi ya elfu mbili, zenye majina ya watawala wa pwani hii wa kale. Sarafu iliyolala ardhini miaka mia tisa haina uso uleule iliotoka nao kiwandani: shaba huliwa kwanza, fedha ikabaki juu. Anayeipima kwa mstari hafifu peke yake atasifu usafi wa ngozi ya sarafu. Akiilinganisha na mstari mkali atajua kama ndani ni vilevile.

Hesabu ya wachache

Yote haya yalipata mtihani wake mkubwa ndani ya mgodi wa dhahabu wa Homestake, South Dakota. Raymond Davis alitaka kuzinasa nyutrino za Jua. Akajaza tangi kwa tani 615 za pakloroethilini, dawa inayotumiwa na madobi wa kufua bila maji, karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi. Nyutrino ikibahatika kugonga klorini huigeuza agoni-37. Zilizokuwa zikipatikana katika tangi zima hazikufikia, kwa wastani, atomu moja kwa siku.

Agoni-37 huoza kwa kumeza elektroni, kama chuma-55, na nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni siku 35. Kwa elementi nyepesi kama hiyo Auger hutawala, kwa hiyo alama ni elektroni zenye jumla ya keV 2.8. Hakuna dirisha lolote la kuzipitisha. Davis hakutaka dirisha: aliisafirisha agoni yenyewe kwa heliamu, akaitia ndani ya kaunta ndogo ya gesi ya ujazo usiofika sentimita moja ya mchemraba, sampuli na kigunduzi vikawa kitu kimoja. Tatizo la njia likafutika.

Likabaki la kelele. Katika miezi ya kusubiri, kaunta itapitiwa na chembe nyingine zinazoacha nishati ileile. Kilichozitenganisha ni muda. Elektroni ya Auger husimama palepale ilipozaliwa. Chembe zake zote hufika kwenye waya kwa pamoja na wimbi hupanda wima. Chembe kutoka nje huchora mstari mrefu katika gesi. Zilizo karibu na waya hufika mapema, za mbali huchelewa, na wimbi hupanda taratibu. Kuanzia 1970 kikundi chake kilipima si ukubwa wa wimbi tu bali na kasi ya kupanda kwake, na hapo ishara ikajitenga na takataka. Nyutrino zilizohesabiwa zilikuwa kama theluthi ya zilizotarajiwa. Watu walidhani Davis amekosea hesabu zake. Kumbe nyutrino hubadilika aina njiani. Akapewa Nobel mwaka 2002.

Karafuu

Turudi kwenye ile 5.9, kwa sababu inatuhusu kuliko tunavyodhani. Karafuu kavu ni miongoni mwa vyakula vyenye manganizi nyingi mno. Takwimu za lishe za Marekani huiweka karibu miligramu 60 katika kila gramu 100, na chuma karibu 12. Yaani eksirei inayotumiwa duniani kote kujaribia vigunduzi hafifu, ile ya chuma-55, ndiyo hiyohiyo ambayo karafuu ya Pemba itaitoa ikipigwa na eksirei yenye nishati ya kutosha, zaidi ya keV 6.54. Chuma-55 chenyewe hakiwezi kuipigia, maana hakifiki hapo. Hutumika mrija mdogo wa eksirei, au kadimiamu-109, ambayo hutoa eksirei za fedha. Chanzo cha mionzi cha namna hiyo kinahitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, ambayo mamlaka yake yanafika pande zote mbili za Muungano.

Manganizi inatoa mistari miwili. Mkubwa uko 5.90, na mdogo, wenye nguvu ya asilimia 13 hivi ya mkubwa, uko 6.49. Mstari mkubwa wa chuma uko 6.40. Kati ya 6.40 na 6.49 mna elektronivolti 90, na tumeshaona kwamba silikoni haishuki chini ya 118. Kwa hiyo mdogo wa manganizi umejificha ndani ya mkubwa wa chuma. Katika vyakula vingi haidhuru, kwa kuwa manganizi ni kidogo. Katika karafuu, asilimia 13 ya miligramu 60 ni karibu 8, imeongezwa kwenye 12 za kweli. Mpimaji asiyejua atatangaza kwamba karafuu yetu ina chuma zaidi ya nusu kuliko iliyonacho.

Kuitoa ziada hiyo kunawezekana, kwa sababu uwiano wa mistari miwili ya manganizi hautegemei manganizi ni kiasi gani. Unapima ule mkubwa wa 5.90, ambao hauna mshindani, unakokotoa mdogo unapaswa kuwa kiasi gani, unautoa kwenye mlima wa 6.4. Karafuu isagwe laini kabla ya hapo na igandamizwe iwe kidonge, kwani eksirei ya 5.9 hutoka kwenye nusu milimita hivi ya juu, na kichwa cha karafuu na kikonyo chake si kitu kimoja. Kidonge kingine kitengenezwe kwa majani yaliyokwisha kupimwa na maabara ya viwango, vyote viwili viwekwe umbali uleule, muda uleule.

Chuma kitakachobaki baada ya hesabu hizo ni cha karafuu, pamoja na cha vumbi jekundu la mahali ilipoanikwa, ikiwa ni juu ya jamvi au, kwa wasiosikia la mkuu, pembezoni mwa barabara. Eksirei za hivyo viwili ni moja. Kama kuna haja ya kuvitenganisha, mtu aioshe karafuu kwanza, aikaushe, aipime upya.